Goti la Mwairishi

Kila nikipasha mafuta ya mawese ya kutia kwenye sombe, kisamvu cha kwetu, harufu ikijaa jikoni, goti lile hunirudia: jeupe, limevimba, lina kovu refu kila upande.

Lilikuwa la jirani yetu wa ghorofa ya chini, mshambuliaji wa Kiairishi aliyekuja Stockholm kumalizia soka lake. Kabla hajaumia, watoto wote wa mtaa wetu wa Hallunda tulikuwa tukiiga anavyoshangilia bao. Jumapili moja alipanda kutuaga. Mama hakujua Kiswidi, na kwao Bukavu mtu mwenye mguu mbaya haachwi aondoke bila kuchuliwa. Akamkalisha kwenye kochi, akaanza kumchua kwa mawese ya moto. Mimi nilikuwa mkalimani.

"Umwambie kanisani tunamuombea. Ligi ikianza, atacheza."

Nikamwambia. Akanijibu polepole, kwa Kiswidi chake kibovu: "Mwambie mama nimeacha mpira. Kesho narudi kwetu."

"Mama, anasema ameacha."

"Ni maumivu yanasema. Umwambie akunje mguu."

Nikamwambia. Akasimama, akashika ukuta, akajaribu. Goti liligoma njiani, jasho likamtoka. Mama alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama kwa tabasamu, anasubiri.

Akamwangalia mama kwa muda. Kisha akakunjua mguu wa suruali, ukafunika goti lenye mafuta.

"Mwambie nitacheza," akaniambia.

Nikamwambia. Mama akainuka, akamfungia mawese yaliyobaki kwenye chupa, ya kujichua kabla ya mechi.