Vipande vitatu vya muwa vilivyookoa kwanjula yangu Buwenge

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Namakwekwe, Mbale, ninapouza spea za pikipiki. Chumvi sijaongeza, mwenye shaka aje amuulize mke wangu, yuko hapa pembeni anacheka.

Mimi Mkenya wa Bungoma. Mke wangu Kagoya ni Msoga wa Buwenge, kule mbele ya Jinja. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu. Mji mzima unamwita Afande, na nadhani hata ng'ombe wake wanamwita hivyo.

Wiki ya kwanjula, ile siku ya kutambulishwa ukweni, mzee akaamua kujenga banda la wageni yeye mwenyewe. Nikaenda kusaidia.

Kagoya alinionya mapema: usimkosoe baba. Mchumba wa dada yake alimkosoa jinsi anavyofunga mbuzi. Dada yuko nyumbani mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Afande alikuwa amesimamisha nguzo huku na huku, katikati futi thelathini. Mbao za paa zilikuwa za futi kumi na nne, kama zinavyouzwa dukani. Mbili zikutane juu, paa liwe pembetatu.

Kumi na nne mara mbili ni ishirini na nane. Hata ukizilaza chali hazigusani, sembuse kupanda juu!

Majirani waliona. Fundi aliona. Wote "ndiyo afande" tu.

"Vuta!" Tukavuta. Pengo liko pale pale.

"Nyinyi hapana kula? Vuta na nguvu!"

Fundi akanong'ona kwamba mbao ziungwe. Mzee akamsikia. "Nyumba ya mimi hapana weka kiraka!"

Mimi jasho linanitoka. Nikisema, nakosa mke. Nikinyamaza, wazee wangu watatoka Bungoma kuja kukaa juani, na mzee aaibike mbele yao. Kusema kweli nilimwonea huruma.

Tulipopumzika tukaletewa miwa. Nikakata vipande vitatu, kimoja kirefu na viwili vifupi, nikaanza kuvipanga chini karibu na kiti chake.

"Baba, nisaidie. Natafuta pembetatu, inanishinda."

Akacheka sana. Mkwe gani huyu! Akainama, akapanga. Havigusani. Akageuza. Wapi! Akainua macho, akaziangalia nguzo.

Kisha akasimama. "Nani chimba hii shimo mbali? Leta karibu!"

Alichimba yeye. Sisi: "Ndiyo afande!"

Tukasogeza nguzo hadi futi ishirini na nne, paa likasimama safi.

Siku yenyewe Afande akasimama mbele ya wazee wangu. "Hii kijana ni mzuri, lakini hesabu hapana jua. Pembetatu ni mimi nilifundisha yeye."

Vigelegele. Baba yangu, aliyenilipia karo miaka yote ile, akanitazama kwa uchungu. Nikasema asante sana, baba.

Wakati wa kuagana mzee akanivuta pembeni. "Ile muwa, wewe kata hivyo makusudi?"

"Ndiyo, baba."

"Mzuri. Hapana ambia mtu."

Basi, wakuu, funzo: fupi mbili zikijumlishwa lazima zizidi ile ndefu. Zikilingana nayo umepata mstari, hujapata paa. Na ukweni hesabu yenyewe ni nyepesi, kazi ni kuisema.

Nyie mlimwambiaje mkwe kwamba amekosea? Halafu shemeji yangu bado hajaolewa. Mwenye nia ajitokeze hapa chini, ila mbuzi amwachie mzee afunge mwenyewe.