Mashua ya Bwana Athmani Ilipotaka Sifa

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mtaa mzima wa Mkomani wanaisimulia tayari, na wao wanatia chumvi.

Mimi ni wa Nairobi, Pumwani, nilikuja Lamu (wenyewe huiita Amu) kufundisha hesabu, nikampenda binti wa Bwana Athmani, nikapeleka posa, na mzee hakusema ndiyo wala la, alisema tu niende pwani nikamsaidie na mashua yake iliyopandishwa mchangani (mkwe akikuita kazini anakupima, hilo hata Pumwani twalijua). Nikaenda. Nikakwangua chaza walioganda ubavuni mpaka vidole vikatoka damu, tukapaka chokaa na shahamu chini, na mimi kimoyomoyo nimeshakuwa bwana harusi.

Ndipo mzee akasema, "Huku yuu sasa chataka sifa. Chombo kisipopata sifa huoza. Haya, bwana mwalimu."

Hapo ningeuliza. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nikiuliza maneno yao, nikaona nikiuliza na hili nitaonekana mgeni kabisa, nikajiambia hii lazima ni mila, watu wa mashairi hawa, basi nikapanda juu ya gogo, nikapiga bismillahi, nikaanza kuisifu mashua: mbao zake, mlingoti wake, tumbo lake pana. Mafundi wakaacha kazi. Wavuvi wakasogea. Nami nikaona nimewashika, nikaingia kwa mwenye chombo, ukarimu wake, ndevu zake, na kutoka kwenye ndevu (sijui nilipita njia gani) nikafika kwa binti yake na macho yake.

Mtu akakohoa.

"Mato yake umeyaona wapi?" akauliza Bwana Athmani.

Fundi mmoja akaniwekea miguuni debe la mafuta ya ini la papa, ya kupaka mbao, yananuka hata paka wa Lamu hawayasogelei. Kumbe sifa ya chombo ndiyo hiyo.

Niliipaka mashua yote peke yangu, sikuinua uso. Nilijua nimemkosa yule msichana, na moyo uliniuma kweli. Nilipomaliza mzee akaniita, watu wote wametega masikio.

"Umemsifu mwanangu mbele ya wanaume wa Amu," akasema. "Ni nani tena atakayekuya kumposa? Utamuoa wewe. Ijumaa hii."

Nikaozeshwa nikinuka papa, mzee mkono mmoja amenishika, wa pili ameuweka puani.

Tangu hapo kuuliza sioni haya. Mke wangu akiniambia nimletee maji, namuuliza maji gani.