Saa Iliyosema Elpidius Amelala

Telesfori hakuwa mtu wa maneno. Hapa Nyaishozi tuna watu ambao ukiwaamkia tu, umekwisha: utasimama njiani mpaka miguu ife ganzi. Yeye aliitikia, akauliza habari za nyumbani, akapita zake. Alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, yeye na mama yake na ng'ombe wachache. Wakapokelewa, wakapata kibanja cha kupanda migomba, na baada ya miaka mingi wakapata na uraia. Lakini mgeni ni mgeni, hata akipata wajukuu. Siku watu wakikasirika, asili yako ndiyo inayotangulia kutajwa. Telesfori alilijua hilo mapema, akaona dawa yake ni moja: asiyesema hasemwi.

Chama cha ushirika kilipomwajiri kulinda ghala la kahawa, aliishika kazi ile kama mtu aliyebeba yai. Aliyekabidhiwa kahawa ya watu wote, nani atamuuliza tena ametoka wapi?

Ghala lilikuwa na saa. Si ya ukutani, msinielewe vibaya. Ilikuwa saa ya mlinzi, nzito, ndani ya mfuko wa ngozi wenye mkanda wa kuvaa begani. Kila pembe ya ghala ulining'inia ufunguo kwenye mnyororo. Mlinzi akifika pembeni anautia ufunguo kwenye tundu la saa na kuuzungusha, nao unagonga alama yake kwenye karatasi ya duara iliyomo ndani. Asubuhi karani Anatory aliifungua saa na kusoma: hapa mtu kapita, hapa kapita. Pasipo na alama, mlinzi hakupita. Na amri ilikuwa moja: atakayeichezea saa, kazi hana.

Walinzi walikuwa wawili, wakipokezana kwa wiki. Mwenzake aliitwa Elpidius, mwenyeji wa Ihanda, mdogo kwake kwa umri, mume wa Speciose, mcheshi kupita kiasi. Asubuhi za kupokezana walikunywa uji pamoja kwenye ngazi za ghala. Elpidius akipiga soga, Telesfori akisikiliza. Kwa Telesfori, huo ulikuwa urafiki tosha.

Sasa, Telesfori aliipenda saa ile. Na kwa watu wa ng'ombe samli ni dawa ya kila kitu: ngozi ya mtoto, kibuyu cha maziwa, kiatu, kisigino kilichopasuka. Alipoona mfuko wa saa umeanza kukauka na funguo zinashika kutu, alichukua samli aliyoitengeneza mkewe Mukabera, akaupaka mfuko. Akapaka funguo. Ufunguo ulipoingia kwa shida, akatia donge la samli ndani ya tundu. Ufunguo ukateleza vizuri ajabu, naye akafurahi. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza kwamba amepaka viatu vyake mafuta?

Kikaingia kiangazi, msimu wa kahawa. Ghala likajaa maganda, kahawa kavu isiyokobolewa, mpaka kwenye kenchi, na baridi ya alfajiri ikaanza kung'ata. Ndipo karatasi zikaanza kutoka na mapengo. Alama za jioni zipo zote. Za kuelekea alfajiri, hakuna. Na mapengo yalikuwa kwenye wiki ya Elpidius.

Anatory hakuwa mtu mbaya, alijaribu. Alibadilisha karatasi. Alihamisha funguo kutoka pembe hii kwenda ile. Alianza kuijaza saa ufunguo, isije ikasimama, kwa mkono wake mwenyewe. Ikaja wiki ya Telesfori, karatasi zikatoka safi, alama zimekamilika. Ikarudi ya Elpidius, mapengo yakarudi. Wewe ungesema nini? Chombo kinafanya kazi mkononi mwa huyu, kinagoma mkononi mwa yule. Hata mimi ningeutilia shaka mkono.

Kamati ikamwita Elpidius. Akaapa kwamba alizunguka usiku kucha. Wakamwita na Telesfori, wakamuuliza: wewe unayefanya naye kazi, huyu hulala?

Telesfori hakuwahi kumkuta amelala. Kila asubuhi ya kupokezana alimkuta wima, macho mekundu, suruali imelowa umande mpaka magotini. Angelisema hilo, labda yangeishia hapo. Lakini wazee wa kamati walikuwa wanamtazama, na mtu asiye na ukoo wa kumsemea haoni kwa nini ajiingize kwenye kesi ya mwingine. Aliogopa, huo ndio ukweli.

"Saa haina ugomvi na mtu," akasema.

Ikatosha. Elpidius alifukuzwa siku hiyohiyo, na kabla ya gulio lililofuata alikwisha pewa jina: Kasinzia. Akaanza kubeba ndizi za watu kwa baiskeli, na watoto walimkimbilia nyuma wakiliimba jina hilo. Ndugu za Speciose nao wakamuuliza dada yao kama walimwoza kwa mwanamume au kwa mto wa kulalia.

Telesfori akabaki analinda peke yake, akisubiri chama kipate mtu mwingine. Hapo Mukabera akaugua malaria, akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Telesfori alikuwa na kabuti la jeshi, zito, alilolipata kwa askari mmoja baada ya vita vya Kagera kwa kumpa mkungu wa ndizi. Usiku alilivaa, na saa aliiweka ndani yake, kifuani, kwa sababu hakupenda iguswe na umande. Elpidius yeye aliivaa begani, nje, kama mtu yeyote. Basi jioni ile Telesfori alimfunika mkewe kabuti, akaenda kazini na sweta.

Asubuhi Anatory akafungua saa. Alama za jioni zipo. Za alfajiri, hakuna hata moja.

Telesfori aliduwaa. Anatory akacheka tu. "Mzee Telesfori, hii saa imechoka. Wewe nakujua," akasema, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Telesfori akakaa juu ya gunia. Alizunguka usiku kucha meno yakigongana, pembe zote. Alikuwa macho, na karatasi ikasema amelala. Basi na yule mwingine alikuwa macho. Yeye ameaminiwa kwa neno moja la karani, na Elpidius aliapa mbele ya kamati nzima.

Akaomba saa. Ilikuwa bado ya baridi. Akatia ufunguo, akazungusha, na Anatory alipofungua hakukuwa na alama. Wakaiweka juani kwenye ngazi, wakasubiri. Ilipopata joto akatia tena ufunguo, na alama ikaonekana waziwazi. Telesfori akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu, kikatoka na uchafu wa njano uliochanganyika na vumbi la kahawa. Akakinusa. Ilikuwa samli ya Mukabera. Baridi ikizidi inaganda na kuushikilia ufunguo, usifike kwenye karatasi. Kifuani mwake, chini ya kabuti, haikuwahi kuganda.

Angeweza kulisafisha tundu kwa mafuta ya taa na kunyamaza. Aliwaza hivyo, msidhani hakuwaza. Karani alikwisha mwamini, na Mukabera yuko kitandani. Kisha akamweleza Anatory yote, tangu siku ya kwanza aliyopaka.

Anatory akamkumbusha amri ya saa. Telesfori akasema anaijua. Akaichukua saa na mkanda wake, akamkabidhi, na kazi ikaishia hapo. Anatory akasema kamati itamwandikia Elpidius arudi kazini.

Kutoka pale alikwenda kwa miguu hadi Ihanda. Alimkuta Elpidius uani, anafunga mikungu kwenye baiskeli.

"Shikamoo, mzee," Elpidius akasema, kama zamani, na heshima ile ilimchoma Telesfori kuliko tusi.

Alimweleza habari ya samli, na ya kabuti. Akamweleza na maneno aliyoyasema mbele ya kamati, kwa kuwa Elpidius alikuwa ametolewa nje wakati ule. Elpidius hakuacha kufunga. Alikaza kamba, akaijaribu, akakaza nyingine. Speciose alisimama mlangoni amefumbata mikono. Telesfori akamaliza kwa kusema kwamba kamati itaandika barua.

"Kamati haiendi gulioni," Speciose akasema.

Elpidius akainua uso. "Mimi najua sikulala, mzee. Mke wangu anajua. Sasa na wewe unajua. Kawaambie wanaoniita Kasinzia."

Siku ya kupima kahawa ghala lilifurika watu, wa Nyaishozi na wa Ihanda, foleni imefika barabarani. Telesfori, ambaye maisha yake yote alikwepa kutazamwa, alikwenda akasimama kando ya mizani. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Wanawake waliokuwa mbele wakacheka, wakamwuliza kama amekuja kuuza au kuoa.

"Elpidius hakulala," akasema. "Mimi ndiye niliyeiharibu saa ya chama kwa samli. Nikaulizwa habari zake, nikaogopa, nikamwacha abebe aibu isiyo yake."

Mpimaji akaacha kupima. Kutoka katikati ya foleni mwanamume mmoja akapaza sauti: "Na wewe Mnyarwanda, nani amekuita hapa uje utuhutubie?"

Ndilo neno alilolikimbia tangu ujana wake. Telesfori alisubiri limalizike. Kisha akaacha mizani, akatembea kando ya foleni mpaka mahali ambapo watu hawakuwa wamemsikia, akaanza tena upya, kwa sauti zaidi.