Kesi ya Omena Iliyosubiri Matanga

Jua linachomoza Muhuru Bay, na Filister Akoth ameshainama. Anamwaga omena mbichi, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, anaisambaza kwa viganja, jicho moja likiwa kwenye wingu lililoko upande wa Tanzania. Ikinyesha kabla ya adhuhuri, kazi yote ni bure. Omena itaoza, na atakayeinunua ataitaka kwa bei ya chakula cha kuku.

Mkusanyaji ushuru wa kaunti yeye hana habari na wingu. Anahesabu nyavu.

Tangu mwaka jana kila wavu hulipiwa shilingi hamsini kwa siku, omena ikauke isikauke. Filister hutandaza nyavu nne. Siku njema hubaki na shilingi mia tano. Siku ya mvua hurudi nyumbani na deni.

"Wanatutoza hata mvua," anasema, na wala hacheki.

Mama huyu wa watoto watatu ndiye mwenyekiti wa wanawake wanaoanika omena hapa ufuoni. Ushuru ulipotangazwa, wenzake walikubaliana kesi ifunguliwe kwa jina lake. Wakili mmoja wa Migori akaichukua, akawaonya mapema: uamuzi kama huo hupingwa ndani ya miezi sita, ikipita basi. Pesa za wakili zikachangwa. Kilichobaki ni Filister kwenda kula kiapo na kutia sahihi.

Wiki hiyo hiyo mumewe, Gordon, alianguka akivua ziwani, na hakuamka tena.

Sasa, usiwaite watu hawa wajinga kwa lililofuata. Katika ukoo wa Gordon, mjane hasafiri wala haingii kwa watu kabla ya familia kuketi na kumtoa matangani. Akivunja mwiko huo, balaa huwaangukia watoto. Na kikao chenyewe kilimhitaji shemeji mkubwa, Chrispine, aliyekuwa kibaruani Mombasa, ambaye kila mwezi alisema anakuja mwezi ujao.

Wakili alipiga simu mpaka akachoka. Akashauri mwingine atie sahihi. Jirani wa Filister, Emmaculate, ndiye aliyependekezwa, naye akakataa katakata. Aliona ni sawa na kumnyang'anya mwenzake kiti akiwa bado analia. Wengine wakamuunga mkono. Wakangoja kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyowaponza.

Hatimaye Chrispine alifika, mambo ya nyumbani yakafanywa, na kesho yake Filister akaenda Migori. Miezi sita ilikuwa imekwisha wiki iliyotangulia. Wakili aliwasilisha kesi hivyo hivyo, akaomba waongezewe muda. Jaji alimpa Filister pole kwa msiba wake, kisha akasema sheria haimruhusu kuongeza hata siku moja. Habari ya mvua haikusikizwa kabisa.

"Nilikuwa nimejipanga kumweleza omena ikinyeshewa inakuwaje," anasema Filister. "Hakuniuliza."

Anajifuta uso kwa upindo wa leso. Inauma, jamani, usiombe yakukute.

Emmaculate bado hutandaza nyavu zake hapo kando, lakini siku hizi hawezi kumtazama machoni. Filister hamlaumu. Anajilaumu mwenyewe, kwa sababu Gordon, anasema, angemwambia aende tu. Alikuwa mtu wa kuchukia kuonewa kuliko alivyoogopa mwiko.

Kaunti hupitisha sheria mpya ya fedha kila mwaka. Wakili amemweleza kwamba ushuru huo ukirudishwa katika sheria ijayo, muda wa kuupinga utaanza kuhesabiwa upya. Filister ameshaanza kuchangisha. Safari hii wamekubaliana walalamishi wawe watano, si mmoja.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, aliwakusanya wenzake akawapa maagizo ya mwisho kuhusu siku ya kwenda kula kiapo. Emmaculate aliangua kilio, lakini Filister hakunyamaza mpaka amemaliza.

"Nikifa kabla ya siku hiyo, nifunikeni tu," aliwaambia. "Nendeni Migori kwanza mtie sahihi, halafu mrudi mnizike."