Pareto Juu ya Mapaa ya Wajapani

Theluji ikianguka Champlin, huku Marekani, mimi husimamisha gari kando ya barabara nikapiga picha za nyumba za watu. Natoka shifti ya kuogesha wazee, mgongo umekwisha, lakini lazima nishuke. Paa jeupe, uwanja mweupe, moshi mwembamba juu ya bomba. Binti yangu hubaki ndani akinung'unika kwa Kiingereza chake, ati hii theluji si ile ile ya jana? Simlaumu. Haoni ninachokiona.

Acha nikueleze, rafiki. Kwetu kule milimani kwenye baridi, shosho, bibi yangu aliyenilea, alikuwa na kalenda ya Japani ukutani, zawadi ya fundi wa pampu za maji. Kila mwezi ulikuwa na kijiji chake kilichofunikwa na theluji. Mwaka wake ulishapita zamani, lakini hatukuitoa. Mwalimu alipopita kunywa chai alituambia ule weupe juu ya mapaa ni maji yaliyoganda. Shosho akamtazama kwa huruma. Sisi tulilima pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, na tuliyaanika kila mahali, kwenye mikeka, kwenye magunia, hadi juu ya bati la jikoni.

"Hao wamevuna mpaka wakakosa pa kuanika," akasema. "Kijiji kizima hakina mvivu."

Basi tukizembea shambani, vidole vikituwasha, alituuliza kama Wajapani nao wamelala.

Jioni ilikuwa viazi kwenye jivu, chai yenye harufu ya moshi, na kwa mbali kinu cha posho cha jirani, cha kusaga mahindi, kikigonga. Huyo mwenye kinu ndiye aliyetuchoma. Sifichi mimi. Petroli ilitoka kwa chifu, kila mtu alijua, na mwenye kinu akawaonyesha vijana wa kuchoma mlango wetu, mchana kweupe, uji wa unga aliotusagia ukiwa bado jikoni. Nilikuwa ng'ambo ya mto nikiteka maji, nikamwona akinyoosha mkono. Shosho alikuwa ghalani akigeuza maua, na hakutoka.

Moshi wa pareto huua wadudu, ndiyo kazi yake. Boma zima halikuwa na inzi hata mmoja, siku ile wala kesho yake. Sasa angalia theluji. Nayo haina inzi. Ndiyo maana nashuka garini.

Shule yangu iliishia hapo, darasa la tano. Na sura ya shosho ikaanza kunitoka, kidogo kidogo. Mikono yake ninayo, kikohozi chake ninacho. Uso sina. Picha yake haikubaki, ndivyo nilivyodhani.

Majuzi, kwenye chai baada ya ibada, alinijia kijana mmoja anayeendesha lori kule Savage. Ni mwana wa mwenye kinu. Alizaliwa baadaye, hajui kitu.

"Auntie, mzee wangu anakusalimia sana."

"Zimefika."

"Anasema ana picha ya shosho wako, amesimama mbele ya kinu siku kilipofunguliwa. Ukimpigia simu, atakutumia. Na wewe, Auntie, picha za theluji tu kila siku, si upate hata moja ya mtu?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Nilikaa na namba aliyoniachia wiki nzima. Tulilelewa kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mdomo huu hautamwamkia yule mtu mpaka nizikwe. Lakini ningezikwa bila kuuona uso ulionilea.

Jumamosi nikapiga, nimekaa garini kwenye maegesho ya duka pale Coon Rapids. Akapokea. Sikumwamkia. Nilisikia pumzi yake.

Akaniita jina langu la utotoni, lile alilolitunga shosho akinibeba mgongoni, ambalo halimo kwenye karatasi yangu yoyote ya Marekani. Tangu siku ile ya moto hakuna aliyeniita hivyo. Waliolijua wamekwisha wote, isipokuwa yeye. Kijiji changu chote, vijia vyake, vicheko vyake, kimebaki kinywani mwa mtu aliyekichoma.

Akaniita tena, polepole, kwa sauti ya mtu aliyezeeka.

Nikaitika.