Kijiji Kisicho na Moshi

Mwaka jana mjukuu wangu alinipakia kwenye gari lake tukapita barabara ya Bugarama, yeye akinionyesha majengo ya mgodi, mimi nikitazama upande wa pili. "Bibi, mbona kimya?" akauliza. Nilipita huko nikiwa na miaka tisa, enzi za watemi, machifu wetu, na tangu siku ile kijiji kikinyamaza nywele zinanisimama.

Baba mkubwa alikuwa dereva wa lori kwenye kinu cha pamba kwetu Kishapu. Mwaka huo mwenye kinu alimpa likizo pamoja na lori lenyewe. Alimroga kwa dawa gani, sijui mpaka leo. Akasema atatutembeza vijijini bila haraka hadi upande wa magharibi, bibi yangu akamwone mdogo wake aliyeolewa huko. Bibi hakuwa amemtia machoni tangu baba yangu hajazaliwa. Tulitoka alfajiri, bibi dirishani na mfuko wa michembe mapajani, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mimi katikati nikinusa petroli na ugoro wa bibi.

Baba mkubwa alipenda sifa jamani! Kila kijiji alipiga honi, watoto wakaja mbio, akasimama na kusalimia "Mwangaluka!", salamu yetu ya asubuhi, mpaka mtu wa mwisho. Hapa tulipewa maziwa ya mgando, pale tukatafuna karanga. Sijawahi kuonja asubuhi tamu kama ile, na nasema hivyo nikijua kilichofuata.

Alasiri tukaingia kijijini kwa mdogo wa bibi. Baba mkubwa akapiga honi. Hakutoka mtoto hata mmoja. Akapiga tena. Ng'ombe walikuwa zizini mchana kweupe, kengele zao zimejazwa majani zisilie. Majogoo walikuwa wamefunikwa chini ya matenga. Nikatazama paa moja baada ya jingine. Ilikuwa saa ya kupika, na hapakuwa na moshi popote.

Mzee mmoja akaja peku, kidole mdomoni. Hakutuamkia. Alimfungulia bibi kiganja, ndani yake mna majivu. Bibi akayagusa akakuta yamepoa, akatugeukia na kunong'ona, "Mtemi ameondoka. Moto umezimwa mpaka apatikane mwingine. Sisi hatujui kitu, mmenisikia? Mpaka ngoma yake ilie, hapa hakuna kulia wala kutaja kifo cha mtu yeyote."

Baba mkubwa na kelele zake zote aliutoa mkono kwenye honi akaukalia. Tulikuwa tumesikia kwamba zamani mgeni aliyekutwa na siku kama hizo hakurudi kwao. Mimi niliogopa mpaka nikajikojolea, na sioni haya kusema.

Lakini bibi hakuwa amesafiri mbali hivyo ili ageuke. Akalitaja jina la mdogo wake kwa midomo tu. Mzee akainamisha macho, kisha akaonyesha nyumba moja ya msonge. Bibi akanishika mkono tukaenda. Kila mlango tuliopita, nilihisi mtu anapumua nyuma yake.

Bibi akakwaruza mlango wa mabua kwa ukucha. Akakwaruza tena. Ndipo chini ya mlango ukatoka mkono wa kulia wa mwanamke, umekunjuliwa.

Bibi akapiga magoti akaushika kwa mikono yote miwili. Jua lilinichoma kisogo, nzi wakatutambaa usoni, naye hakuuachia. Mwishowe akausogezea mfuko wa michembe, ukauvuta ndani polepole.

Kuondoka hatukuruhusiwa kuwasha injini. Wanaume wakatoka, wakalisukuma lori mpaka nje ya mpaka wa kijiji, bila hata mmoja kututazama.

Tulipokuwa mbali bibi akasema, "Mdogo wangu alikatwa kidole cha mkono wa kulia na jembe tukiwa wasichana. Mkono ule una vidole vitano."

"Sasa mama, mbona ulikaa umeushika muda wote ule?" baba mkubwa akauliza.

"Mwenye mkono ule, kinywa chake kimekatazwa kuniambia. Ungetaka aniambieje?"

Tuliporudi bibi alinyoa kichwa kama mfiwa, akawaambia majirani ni joto. Miezi ikapita, ngoma ya mtemi mpya ikalia, ndipo mjumbe akatufikia: mdogo wake alizikwa wiki mbili kabla ya safari yetu. Nywele za bibi zilikuwa zimeshaota. Siku hiyo aliruhusiwa kulia, akalia kilio ambacho sijasikia kingine mfano wake.

Utemi ulifutwa, wala hakuna anayezima moto tena. Siku hizi msiba unatufikia kwenye simu kabla maiti haijapoa, na hatujui tuuambie nini. Bibi alikufa bila kujua mkono ule ulikuwa wa nani. Mimi pia sijui. Ninachojua, maana nilikuwa pale nimesimama, ni kwamba haukuwa wa kwanza kuachia.