Daraja la Nyalubwe kwenye bajeti ya jimbo

Aimée Nshobole aliingia kazini kwenye ofisi ya bajeti ya jimbo, pale Bukavu, akiwa na miaka ishirini na minne. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu. Kwa miaka kumi na saba kila bajeti ilipita kwanza chini ya vidole vyake. Wakubwa walibadilika, kompyuta zikaja, yeye akabaki kwenye meza ile ile karibu na dirisha.

Katika kurasa hizo zote kulikuwa na mstari mmoja aliouandika bila kutazama: ujenzi wa daraja la mto Nyalubwe, teritwari ya Kalehe. Kando yake palikuwa na kiasi kikubwa cha pesa, na kwenye safu ya matumizi, sifuri. Aimée alizaliwa ng'ambo ya mto huo. Mama yake, Maman Georgette, aliishi huko bado, na mvua kubwa ikinyesha mto ulifunga njia ya soko na ya maternite wanakojifungulia wanawake, wakati mwingine siku nne nzima. Watu wa kijiji walijua kwamba binti ya Georgette ndiye anayeandika bajeti. Walimuuliza habari za daraja kwa upole, bila lawama, na upole huo ndio uliomuumiza. Kidogo kidogo akaacha kwenda nyumbani. Alituma sabuni, chumvi, na kitenge kila Noeli, akisema kazi ni nyingi.

Kisha vita vikafika mjini. Ofisi iliporwa viti, kompyuta, hata vitasa vya milango. Siku ya tano Aimée alitoka nyumbani kwake Nyalukemba kwa miguu kwenda kutazama, akakuta karatasi zimetapakaa uani zinaloa. Hakuna aliyemtuma, lakini aliziokota, akazibeba nyumbani kwenye beseni. Kwa wiki mbili yeye na mume wake Modeste walizianika kwenye kamba pamoja na nguo. Modeste alikuwa mwalimu, na tangu benki zifungwe hakuwa ameona mshahara. Alikuwa na muda, basi alisoma kila ukurasa kabla ya kuubana kwa kibanio. Hivyo ndivyo alivyouona ule mstari, bajeti baada ya bajeti.

"Hii daraja iko ya kwenu?" akauliza.

Aimée akaitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka. Modeste aliujua mto ule. Alishauvuka mara nyingi, suruali imekunjwa hadi magotini. Asichokijua ni kwamba mke wake alikuwa akilijenga daraja lake kwenye karatasi kila mwaka, na kwamba alikuwa akiona haya.

Ofisi ilipofunguliwa tena, kati ya watu thelathini walirudi sita. Mkuu mpya, Papa Théodore, aliyewahi kufundisha uchumi chuo kikuu, alitakiwa kupanga bajeti ya miezi sita kwa mapato yasiyofika hata robo ya yale ya zamani. Alitegemea karatasi za Aimée, maana hazikuwepo nyingine. Akaamua kwamba kila mstari ambao haujawahi kutumika ufutwe, watu wasiendelee kudanganywa. Aimée aliona ni haki. Alifuta barabara, akafuta shule mbili, akafuta soko. Alipofika Nyalubwe mikono ikagoma. Aliinuka akaenda kubisha mlango wa mkuu, akamweleza yote, yeye ambaye kwa wakubwa hakuwahi kusema zaidi ya salamu.

Papa Théodore alisikiliza hadi mwisho, kisha akakitazama kile kiasi.

"Maman Aimée, hii hesabu nani aliifanya?"

"Sijui, Papa. Niliikuta."

"Na aliona ule muto?"

"Sizani."

"Basi enda uuone weye. Uniletee hesabu ya kweli, njo nitajua la kufanya."

Nauli mkuu aliitoa mfukoni mwake mwenyewe. Aimée alipanda boti hadi Kalehe pamoja na fundi wa barabara, Jean-de-Dieu, na kutoka pale wakapanda mlima kwa miguu. Jean-de-Dieu alipima mto: mita tisa. Kile kiasi cha zamani kilikuwa cha daraja la malori, mahali ambapo hata pikipiki hufika kwa kusukumwa. Wanakijiji wakasema mawe, mchanga na mikono wanayo. Wanachokosa ni simenti na vyuma. Maman Georgette aliongea mara moja tu kwenye mkutano. Alisema wanawake walilipa ushuru wa soko hata wakati wa vita, na wangependa kuona mara moja tu ulikokwenda.

Jioni, wakimenya maharagwe, mama alimuuliza kama aliacha kuja kwa sababu ya daraja.

"Nilisikia haya, maman."

Mama akaendelea kumenya. "Haikuwa daraja njo nilikuwa nangoja," akasema. "Ni weye."

Hesabu mpya haikufika hata sehemu ya arobaini ya ile ya zamani, na mstari ukabaki. Watu wa barabara zilizofutwa walikuja kulalamika kwa nini Nyalubwe imepona. Papa Théodore aliwaambia nao walete hesabu za kweli, na wawili walizileta. Nusu ya pesa za daraja ilitoka mwezi wa tatu. Nusu ya pili haikutoka kamwe, kwa sababu njia ya bidhaa ilikatika tena na mapato yakaanguka. Jean-de-Dieu hakushuka kurudi mjini. Alibaki bila posho, akala kwa zamu kwenye nyumba za kijiji, na pale vyuma vilipoisha wakamalizia kwa miti ya mikaratusi. Reli ya kushikilia iko upande mmoja tu.

Jumamosi ya kwanza ya soko, mto ukiwa umejaa, Aimée na Modeste walikuwepo. Maman Georgette alijitwika kapu lake la maharagwe, akakataa kusaidiwa, akatembea polepole upande wenye reli, Aimée akimfuata. Katikati alisimama. Nyuma yake wanawake wengine wakasimama pia, wakidhani ameogopa. Kumbe alikuwa akiyatazama maji yanavyopita chini ya miguu yake, na alipotosheka akamnyoshea Aimée mkono, wakamalizia kuvuka pamoja.